Nani Kasema Mkulima Hawezi Kutawala?

Uchaguzi ukikaribia husikika kauli ileile: mkulima kazi yake ni kupiga kura, kutawala awaachie mawakili na wafanyabiashara. Ni kauli ya dharau, tena ya uongo.

Mwaka 1919, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, chama cha wakulima, United Farmers of Ontario, kilipata viti vingi kuliko chama kingine chochote. Kikaungana na wabunge wa chama cha wafanyakazi, kikamkabidhi uwaziri mkuu wa jimbo Ernest Charles Drury, mkulima wa Crown Hill, wilaya ya Simcoe. Drury hakuwa hata amegombea ubunge. Alipata kiti mwaka 1920 katika uchaguzi mdogo wa Halton.

Watasema alikuwa msomi. Ndiyo, alihitimu chuo cha kilimo mwaka 1900. Hakusomea sheria, na alipohitaji mwanasheria alimteua William Raney, wakili wa Toronto, kuwa Mwanasheria Mkuu. Ujuzi wa sheria huazimwa. Uchungu wa kuijua ardhi hauazimwi.

Huko Simcoe wakataji wa misonobari walikuwa wameacha mchanga mtupu unaopeperushwa na upepo. Mkulima anajua maana ya mchanga huo: shamba limekufa. Serikali ya Drury ikatunga sheria ya kupanda miti mwaka 1921, na mwaka uliofuata upandaji ukaanza Simcoe. Leo msitu wa wilaya hiyo unazidi hekta 13,000. Serikali hiyohiyo ilianzisha posho kwa wajane wenye watoto, kima cha chini cha mshahara kwa wanawake, na benki ya akiba ya jimbo iliyodumu hadi 2003.

Makosa yalikuwepo. Waziri wake wa fedha, Peter Smith, alifungwa baadaye kwa kashfa ya hati za dhamana za serikali. Wakulima wenyewe waligawanyika: Drury alitaka chama kiwapokee wananchi wote, katibu wa chama, J. J. Morrison, akakataa. Mwaka 1923 wakashindwa vibaya. Lakini rushwa na mafarakano ni maradhi ya vyama vyote, vikiwemo vya mawakili. Hayakuletwa na jembe.

Basi mgombea mkulima akisimama mbele yako, usimuulize ametoka shamba gani. Muulize atatunga sheria gani, kisha umpime kwa jibu lake.