Likasi: Lupango moja, wapangaji wengi

Katika siberkafe za Likasi, kuanzia Kikula hadi Panda, mwanafunzi anaweza kufungua ukurasa wa kujiandikisha akakuta ujumbe kwamba adresi yake imefungiwa, hali hajafanya kosa lolote. Wengi husema «rezo ni mubaya». Lakini pengine sababu ni nyingine: adresi hiyo si yake peke yake.

Kila chombo kinachoingia kwenye intaneti kinahitaji adresi ya namba, kama lupango linavyohitaji avenyu na namba ili mgeni afike. Mtindo wa zamani, IPv4, uliwekwa mwaka 1981. Adresi zake zote ni karibu bilioni 4.3, wakati watu duniani wamepita bilioni 8. Februari 2011, akiba ya dunia ilimalizika kugawiwa kwa mashirika 5 ya kanda. AFRINIC, shirika la Afrika lenye makao huko Mauritius, tangu Januari 2020 halitoi zaidi ya adresi 1,024 kwa ombi moja.

Ndiyo maana kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya adresi moja. Ni lupango moja lenye wapangaji wengi na namba moja mlangoni. Mpangaji mmoja akituma ujumbe wa utapeli, tovuti inawafungia wote. Na kijana anayetaka kuweka seva ndogo nyumbani hafikiwi kutoka nje, kwa kuwa mgeni hajui chumba chake ni kipi.

Mtindo mpya, IPv6, kanuni zake zilitangazwa mwaka 1998. Idadi ya adresi zake ni namba yenye tarakimu 39. Kila simu na kila kompyuta inaweza kupata ya kwake.

Wapo wanaosema hakuna haraka, kwa kuwa ya zamani ingali inafanya kazi. Ni kweli, na IPv6 haitapunguza bei ya mega wala kuzuia umeme kukatika. Tena mitindo hii miwili haisemezani moja kwa moja. Inabidi kuiendesha yote miwili kwa muda, na kazi hiyo inataka mafundi waliofundishwa.

Lakini kungoja nako kuna gharama. Kijana wa Likasi atakayefungua kampuni ya intaneti kesho huenda akalazimika kununua adresi za zamani kwa wale waliotangulia, na hizo mpya zipo tele.

Basi Chuo Kikuu cha Likasi na shule za ufundi zifundishe IPv6 sasa. Ofisi za serikali zisinunue chombo kisichoikubali. ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, iziulize kampuni zimefikia wapi. Mteja naye, siku anapolipa, aulize: adresi yangu ni yangu, au ya lupango zima?