Redio Kuukuu za Pwani: Je, Ni Chuma Chakavu Tu?

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Watu wakabaki kuzitazama simu zao. Ndipo hapo, ndugu msomaji, pa kuuliza swali ambalo vijana wa Bongwe hulicheka: zile redio kuukuu tunazowauzia wanunuzi wa vyuma kwa kilo, je, kazi yake imekwisha?

Sizisemi zile za kusikilizia habari na mwandamo wa mwezi, ingawa nazo zina heshima yake majumbani. Nasema mitambo ya kupokea na kupeleka sauti, itumiwayo na watu wa ridhaa, wenye leseni, wasiolipwa hata senti. Sauti yao haihitaji waya wa baharini wala mnara wa kampuni. Hupanda juu, ikakuta tabaka la anga lililotiwa nguvu na jua, ikarudi ardhini maelfu ya maili mbali. Marehemu Mfalme Hussein wa Jordan alikuwa mmoja wao, jina lake la hewani JY1. Na marehemu Sultan Qaboos wa Oman alikuwa A41AA. Basi asiseme mtu kuwa ni mchezo wa watoto.

Mashindano yao makubwa, CQ World Wide, huwa mwisho wa Oktoba kwa sauti na mwisho wa Novemba kwa Morse, saa 48 kila moja. Wa Ulaya akimpata Mkenya, ambaye jina lake huanza kwa 5Z4, hupata pointi 3, na juu yake huhesabiwa nchi mpya na eneo la 37, ambalo ni letu pamoja na Tanzania na Uganda. Na kwa kuwa wa huku ni wachache, hugombewa kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Waya wa kutosha masafa ya megahazi 14 ni mita 10 tu, na minazi ya kuutundikia tunayo!

Adui wetu ni chumvi. Hewa ya bahari hula shaba, ikatia kutu swichi na maungio. Kapasita nazo hukauka kwa uzee. Redio ya valvu iliyolala miaka mingi isichomekwe umeme kwa ghafla. Kwanza hubadilishwa kapasita, kisha umeme hupandishwa kidogo kidogo. Na hata waya ukichomolewa, umeme waweza kubaki ndani, nao huua. Elimu hii wanayo mafundi wazee, lakini wanafunzi hawawaendei, kwa kuwa simu hulipa haraka zaidi.

Hasara yake ni nini? Desemba 2004, Bibi Bharathi Prasad wa India na wenzake walikuwa visiwa vya Andaman kwa shughuli hizi hizi za ridhaa. Tarehe 26 tsunami ikapiga, simu zikakatika, na mitambo yao ndiyo iliyopeleka habari za walio hai na waliokufa. Mawimbi hayo yalifika hadi pwani yetu, ingawa kwa nguvu ndogo.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Chuo chochote cha ufundi hapa Kwale chaweza kuanza na mtambo mmoja mkongwe, mzee mmoja wa kufundisha, na vijana wanne.