“Home” ni Wapi?



Likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulipangiwa kazi ya kichungaji katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Baada ya mafundisho ya katekisimu vijana walituomba tuwafundishe Kiingereza kidogo. Tukaandika ubaoni sentensi nyepesi, “I am going home,” na chini yake tafsiri: “Ninakwenda nyumbani.” Binti mmoja wa Kikongo akanyoosha mkono. “Frateri, hiyo ‘home’ ni pale tunapolala, au ni Kongo? Maana mimi nimezaliwa hapa, Kongo sijafika.”

Tulijibu kwamba ni yote mawili, tukaendelea na somo. Lakini jibu hilo halikuturidhisha, na tuliporudi seminarini tuliendelea kulijadili. Tunaandika makala hii kwa sababu tunaamini swali la binti yule halikuwa la sarufi tu.

Tuanze na neno lenyewe. Mwingereza hulitumia “home” kwa mambo mengi. Ni nyumba anamoishi, ni familia yake, ni mji alikozaliwa, ni nchi yake. Makao ya wazee au ya watoto yatima yanayotunzwa na masista nayo huitwa “home”. Timu inayocheza kwenye uwanja wake iko “home”, na mwamini akifariki husemwa kwamba amekwenda “home” kwa Baba. Hata wizara inayoshughulikia wakimbizi hapa nchini inabeba neno hilo katika jina lake la Kiingereza, ila kwa Kiswahili tunaiita Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hapo “home” imekuwa “ndani”.

Kiswahili chetu kimeyagawa hayo. Tuna nyumba, nyumbani, makao, makazi, maskani, ndani, kwetu na kwao. Mtu anayesema Kiswahili hulazimika kuchagua, na kuchagua huko kunamfunulia msikilizaji anachokusudia. Anayesema Kiingereza anaweza kutamka “home” na kila msikilizaji akaondoka na maana yake.

Katika masomo ya falsafa tumejifunza kwamba maneno hutumika kwa namna tatu. Kuna neno lenye maana ile ile popote: mwembe ni mti, na mninga ni mti. Kuna neno moja lenye maana zisizohusiana kabisa: kaa la moto na kaa wa baharini. Halafu kuna namna ya tatu, ambayo Aristotle aliieleza kwa mfano wa afya na Mtakatifu Thoma wa Akwino akaiendeleza. Tunasema mtu ana afya, chakula ni cha afya, na rangi ya uso ni ya afya. Maana si zile zile, lakini zote zinaielekea moja: chakula huleta afya ya mwili, na rangi ya uso huionyesha. Ukiiondoa ile maana ya kwanza, nyingine zote zinabaki bila msingi.

Sisi tunaona kwamba “home” ni neno la namna hii ya tatu. Basi swali la haki ni hili: maana yake ya kwanza ni ipi?

Kwa wakimbizi swali hili lina uzito, kwa sababu maisha yao yote yanapangwa kwa neno hilo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na serikali mbalimbali huzungumzia suluhisho tatu za kudumu: kurejea kwa hiari katika nchi ya asili, kupokelewa moja kwa moja katika nchi ya hifadhi, au kuhamishiwa nchi ya tatu. Kila moja kati ya hizo huahidi “home”. Ya kwanza kwa Mrundi wa Nduta, wilayani Kibondo, ni Burundi. Ya pili ni Tanzania. Ya tatu, kwa Wakongo wengi wa Nyarugusu, imekuwa Marekani. Neno ni moja, na nchi ni tatu.

Tazama pia shule za kambini. Mtoto wa Kikongo amekuwa akifuata mtaala wa Kongo, na wa Kirundi mtaala wa Burundi, ili siku ya kurejea asipate shida. Nia ni njema. Lakini Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Wapo waliozaliwa humo ambao sasa ni wazazi, na watoto wao wanasoma mito na milima ya nchi ambayo hata mama zao hawajaiona.

Wanaodhani maana ya kwanza ya “home” ni jengo watasema makazi ya kambini yanatosha. Lakini mkimbizi hawezi kutoka kambini bila kibali, na kambi inaweza kufungwa, kama Mtabila ya Kasulu ilivyofungwa mwishoni mwa 2012. Wanaodhani ni nchi iliyo kwenye ramani watasema, “Warudi kwao.” Lakini baadhi ya waliorejea Burundi kutoka Mtabila walivuka mpaka tena kuanzia 2015, machafuko yalipozuka, na kambi ya Nduta iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya. Kabla yao, wapo waliorejea baada ya miaka mingi wakakuta shamba la baba linalimwa na mwingine. Walifika katika nchi yao, na bado hawakufika nyumbani.

Tunapendekeza kwamba maana ya kwanza iko katika neno letu dogo “kwetu”. Ukilitazama vizuri, neno hilo halina ukuta wala bati wala bendera. Lina watu tu. Warundi husema “iwacu”, na sisi Waha tunawaelewa bila mkalimani. Kwetu ni mahali ambapo wapo watu wanaonihesabu wanaposema “sisi”. Ninaweza kubaki hapo bila kuomba ruhusa kila asubuhi, na nikifa watajua wanizike wapi. Nyumba, kijiji na nchi ni “home” kwa kadiri zinavyolinda jambo hilo.

Waha wenzetu wanalijua hili. Babu zetu wengi walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Wengine walirudi Buha, wengine walibaki huko wakaoa na kuzikwa huko. Hakuna anayethubutu leo kuwaambia wajukuu wao kwamba Tanga si kwao.

Kuna watakaotupinga, na hoja yao si ndogo. Wananchi wa Kibondo na Kasulu wamebeba mzigo kwa miongo mingi. Misitu imepungua kwa kuni, mashamba yamebanwa, na kuna vijiji vilivyowahi kuishi kwa hofu ya ujambazi. Nchi ina haki ya kuamua nani akae ndani yake. Tunakubali. Tena Tanzania haina sababu ya kuona haya: Mwalimu Nyerere alipewa Medali ya Nansen mwaka 1983 kwa huduma kwa wakimbizi, na mwaka 2014 Serikali iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Hatuandiki kuidai Serikali iamue hivi au vile.

Tunachoomba ni ukweli katika maneno. Kurejea kwa hiari kunahitaji mtu ajue anarejea wapi na kwa nani. Tukimwambia “rudi nyumbani” huku sisi tukiwaza ramani na yeye akiwaza watu, akaitikia kwa kichwa, hatujapata hiari yake. Tumepata tu neno lililofanana na “ndiyo”.

Ombi hili linatugusa sisi mafrateri kwanza. Tunafika kambini kwa gari, tunawaambia watu “jisikieni nyumbani”, na jioni tunaondoka. Tunahubiri kwamba makao yetu ya kweli ni mbinguni. Ni kweli, na Mtakatifu Thoma huiita mbingu “patria”, nchi ya baba. Lakini mahubiri hayo yasiwe njia ya kukwepa swali la duniani. Aliyelala miaka mingi katika kibanda cha kambi hahitaji kufundishwa kwamba sisi sote ni wasafiri.

Tukipata nafasi ya kurudi Nyarugusu, tutamtafuta binti yule. Hatutaanza na ubao. Tutamwuliza, “Dada, kwenu ni wapi?” Kisha tutakaa kimya mpaka amalize kujibu.