Mafuta ya Ziwa Tanganyika: Kasulu na Kibondo zimo kwenye hesabu?

KATIKA maandalizi ya duru ya tano ya kunadi vitalu vya mafuta na gesi asilia, Serikali ya Tanzania ilitangaza kuwa imetenga vitalu 26, na vitatu kati ya hivyo vimo ndani ya Ziwa Tanganyika. Kwa mara nyingine Mkoa wa Kigoma ukatajwa katika lugha ya wawekezaji, yaani mapipa na mabilioni ya dola.

Lakini katika nyanda za juu za mkoa huo, huko Kasulu na Kibondo ambako ziwa halionekani na dagaa hufika wakiwa ndani ya magunia, suala hilo lina sura nyingine. Wilaya hizo hazina hata hatua moja ya ufukwe. Hata hivyo, upo uwezekano mkubwa kwamba mafuta yakipatikana ziwani, barabara na ardhi yao ndizo zitakazobeba mzigo wa kuyatoa.

Habari ya mafuta ya Tanganyika si mpya. Mafuta huchuruzika yenyewe katika eneo la Rasi ya Kalamba, jambo ambalo wataalamu wa miamba wamelifahamu kwa miongo mingi. Mwaka 1983 na 1984 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walipima sakafu ya ziwa kwa njia ya mitetemo katika mradi uliojulikana kama PROBE, na wakaonyesha kuwa chini ya maji kuna matabaka mazito ya mashapo ya aina ambayo mafuta hupenda kujificha. Katika muongo huohuo kampuni ya Amoco ilichimba visima viwili upande wa Burundi, katika bonde la Rusizi. Vyote vilikuwa vikavu.

Upande wa Tanzania, kampuni ya Beach Petroleum ya Australia ilisaini mkataba wa kitalu cha Kusini mwaka 2010, ikafanya upimaji wa mitetemo mwaka 2012, kisha ikaondoka bila kuchimba kisima hata kimoja. Kitalu cha Kaskazini kilinadiwa katika duru ya nne iliyofunguliwa Oktoba 2013 na kufungwa Mei 2014. Kampuni moja tu ilijitokeza kukiomba, nayo ni RAK Gas ya Ras al-Khaimah, Falme za Kiarabu. Mwezi mmoja baada ya zabuni kufungwa, bei ya mafuta duniani ilianza kuporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya dola 30 ilipofika Januari 2016. Katika hali hiyo, kitalu kilichoko mwisho wa reli ya kati hakikuwa na mchumba.

Oktoba 2016 Rais John Magufuli na mgeni wake, Rais Joseph Kabila wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walishuhudia jijini Dar es Salaam utiwaji saini wa makubaliano ya kushirikiana katika utafutaji wa mafuta ziwani. Kongo kwa upande wake ilinadi vitalu 27 vya mafuta Julai 2022, vikiwamo vya Tanganyika, na Oktoba 2024 ikafuta mnada huo. Hivyo kwa zaidi ya miaka 40 ziwa limepimwa, likagawanywa vitalu na kusainiwa mikataba, na bado hakuna kisima cha utafutaji kilichochimbwa katika maji ya Tanzania.

Kwa nini? Jibu linalotolewa mara nyingi ni bei ya mafuta. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni jiografia.

Ziwa Albert la Uganda, ambalo hutolewa kama mfano kila mafuta ya Tanganyika yanapotajwa, lina kina kisichofika mita 60. Zaidi ya hapo, mafuta ya Kingfisher yaliyo chini ya ziwa hilo yanafikiwa na visima vinavyoanzia nchi kavu ufukweni na kupinda kuelekea chini ya maji. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal la Urusi. Kisima cha kupinda kutoka ufukweni hufika kilomita chache tu, na baada ya hapo unahitajika mtambo wa kuelea wa aina inayotumika katika bahari kuu.

Mtambo wa namna hiyo hufika baharini kwa kuvutwa na meli. Tanganyika haina mlango wa bahari. Mto Lukuga unaotoa maji yake kuelekea Kongo haupitishi meli. Kwa hiyo kila kipande cha chuma kitakachoelea juu ya ziwa hilo sharti kifike kwa reli au barabara, kisha kiunganishwe ufukweni. Wajerumani walilifanya hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita: meli ya Goetzen, ambayo leo ni MV Liemba, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kupandishwa garimoshi hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa majini mwaka 1915. Ile ilikuwa meli ya abiria na mizigo. Mtambo wa kuchimba katika maji ya mita 1,000 ni kitu kingine kabisa, na gharama yake hupanda kwa kila kilomita ya kuufikisha.

Na hayo ni ya kuingia tu. Kutoka ni kugumu zaidi. Mafuta ya bonde la ufa, kama yalivyothibitika Uganda na Turkana, yana nta nyingi na huganda yakipoa. Ndiyo maana bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kuwa la kupashwa joto njia nzima. Uganda iligundua mafuta ya kibiashara mwaka 2006. Hadi mwaka 2025 unamalizika ilikuwa haijauza pipa hata moja kupitia bomba hilo. Kenya iligundua mafuta Turkana mwaka 2012, ikajaribu kuyasafirisha kwa malori kutoka Lokichar hadi Mombasa kuanzia 2018. Katika mwezi uleule wa kuanza, wananchi waliyazuia malori barabarani wakidai usalama na ajira. Shehena moja iliuzwa nje mwaka 2019. Mwaka 2025 Tullow ilikubali kuuza mali zake zote za Kenya na kuondoka.

Kwa mafuta ya Tanganyika, njia za kutokea ni mbili. Ya kwanza inafuata reli, kupitia Uvinza na Tabora, hadi kulikuta bomba la Tanga katika maeneo ya Nzega. Ya pili inapanda nyanda za juu kupitia Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, kuelekea Biharamulo na Kahama ambako bomba hilo linapita. Njia ya kwanza ikichaguliwa, nyanda za juu zitapitwa kando. Ya pili ikichaguliwa, zitapata vumbi, fidia za mashamba na ajira za miezi kadhaa za kuchimba mitaro. Hakuna kati ya hizo mbili inayozipa haki ya kudumu katika mapato yenyewe.

Hapa ndipo sheria inapohitaji kuangaliwa kwa karibu. Chini ya mkataba wa kugawana uzalishaji, mwekezaji hubeba gharama zote za utafutaji. Akikosa, hasara ni yake. Akipata, hurudisha kwanza gharama zake kutoka katika mafuta yanayozalishwa, kisha kinachobaki hugawanywa kati yake na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC). Mrabaha na kodi huenda Hazina. Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015 imeweka mfuko wa Taifa, si wa wilaya. Kinachobaki kwa halmashauri ni ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, na ushuru huo hudaiwa na halmashauri ambako shughuli inafanyika.

Kwa kisima cha ziwani, halmashauri hiyo itakuwa ya ufukweni: Kigoma, Kigoma Ujiji au Uvinza, au zile za Katavi na Rukwa kwa vitalu vya kusini. Kasulu na Kibondo hazimo. Wala Buhigwe na Kakonko, zilizozaliwa kutokana nazo mwaka 2012, hazimo. Kenya angalau iliandika katika Sheria ya Petroli ya 2019 kwamba asilimia 20 ya mgao wa Serikali iende kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya eneo husika. Tanzania haikufuata njia hiyo, kwa hoja kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa kwa mkoa ambao wenyewe umenufaika na fedha za Taifa kwa reli na barabara. Lakini Mtwara ilionyesha Januari na Mei 2013 kwamba hoja hiyo haitoshi kumtuliza mwananchi anayeliona bomba likiondoka kwao. Watu walipoteza maisha, nyumba zikachomwa, na bomba la kwenda Dar es Salaam likajengwa hata hivyo.

Wananchi wa nyanda za juu za Kigoma wana uzoefu wao wa kuhesabiwa katika mipango ya wengine. Enzi za Waingereza, Buha ilikuwa ghala la nguvu kazi. Vijana walichukuliwa kama manamba kwenda kukata mkonge Tanga, mkoa uleule ambao bomba la leo linaishia. Baadaye wakaja wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko. Kufikia 2017 kambi za mkoa huo zilikuwa na zaidi ya watu 300,000.

Fedha za misaada zilileta neema ya aina yake. Nyumba za kupanga zilipanda bei, magari yakakodishwa, na wenye elimu ya sekondari wakapata ajira katika mashirika. Kisha Mtabila ikafungwa mwaka 2012 na Mtendeli mwaka 2021, na kila kufungwa kulifuatwa na maduka kukosa wateja. Uamuzi wa kufungua na uamuzi wa kufunga ulifanyika mbali, Dar es Salaam, Dodoma au Geneva. Utafutaji wa mafuta una tabia hiyohiyo. Timu ya upimaji hukaa msimu mmoja, hupanga nyumba, hununua vyakula, kisha takwimu zake husafiri kwenda ng'ambo, na bei ya pipa huamua kama itarudi.

Tofauti ni kwamba kambi haikuhatarisha ziwa. Tanganyika ina takriban asilimia 17 ya maji yote baridi ya juu ya ardhi duniani, na maji hayo hukaa humo mamia ya miaka kabla ya kubadilishwa. Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilisaini mkataba wa kulilinda jijini Dar es Salaam mwaka 2003. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane, na upungufu wa dagaa na migebuka ukaonekana hadi katika masoko yaliyo mbali na ufukwe. Hiyo ilikuwa miezi mitatu iliyopangwa na kutangazwa mapema. Kisima kikivuja hakitoi tangazo. Kitoweo cha Kasulu kinatoka katika maji hayohayo, na mkataba wa kugawana uzalishaji hauna kifungu cha kitoweo.

Wapo wanaosema yote haya ni mapema mno, kwa kuwa hakuna mwekezaji aliyeleta mtambo. Ukweli ni kinyume. Wakati pekee ambao wilaya isiyo na ufukwe ina nguvu ya kudai chochote ni kabla ya saini, kwa sababu masharti yakishafungwa huwa siri ya wachache. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na mbunge wa Kigoma Kaskazini, Zitto Kabwe, iliagiza viongozi wa TPDC wakamatwe kwa kutoiwasilishia mikataba ya mafuta na gesi. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya uwazi inayotaka mikataba ya aina hiyo itangazwe, na mwaka 2017 Bunge likapewa uwezo wa kuagiza masharti kandamizi yajadiliwe upya.

Sheria zote hizo zinaitazama nchi nzima dhidi ya mwekezaji. Hakuna inayoitazama Kibondo dhidi ya Hazina. Marekebisho ya ushuru wa huduma, ili halmashauri ambazo bomba au malori yatapita nazo zipate sehemu ya ushuru huo, hayahitaji ruhusa ya kampuni yoyote ya kigeni; yanahitaji wabunge wa mkoa wayapeleke Dodoma. Vivyo hivyo, barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, yenye urefu wa takriban kilomita 260 na inayogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilibuniwa kwa ajili ya mabasi na malori ya mahindi, maharage na muhogo. Mwekezaji atakayetaka kupitisha vyuma vya mtambo juu yake anaweza kutakiwa, katika mkataba wa kitalu, kuilipia matengenezo. Kifungu hicho ni cha mistari michache, na nafasi ya kukiandika ni kabla bahasha za zabuni hazijafunguliwa.