Mkalimani wa mmishonari naye ana jina

Msomaji wangu, ukisikia neno mmishonari, unaona picha gani akilini? Nabahatisha: mzungu wa miaka 20 hivi, fulana yenye jina la kanisa lake, mtoto wa kijijini amekaa mapajani pake, wote wanacheka. Sawa. Leo nataka tumzungumzie yule ambaye haonekani kwenye hiyo picha. Yule aliyeshika simu akaipiga.

Mara nyingi ni kijana kama wewe. Anatoka Homa Bay, Rongo au Migori mjini. Amemaliza Form Four, anaongea Dholuo, Kiswahili na Kiingereza, na kazi ya maana bado hajapata. Wiki nzima ndiye anayetafsiri, anayebishana bei na mtu wa boda, anayejua nyumba ipi ina mgonjwa na ipi ina matanga. Mgeni akipanda ndege, kijana huyu anaachiwa fulana na "Mungu akubariki". Jamani, hiyo si haki.

Sisemi kila mmishonari ni mtalii mwenye Biblia. La. Kuna wanaojituma kweli. Chukua vijana wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale wa shati jeupe na kibandiko cha jina kifuani. Mvulana anatumika miaka 2, anatembea na mwenzake kila aendako, na kwa wiki ana siku moja tu ya kufua, kununua chakula na kuandikia watu wa nyumbani. Hadi Februari 2019, wengi wao walikuwa wanaongea na wazazi kwa simu mara mbili tu kwa mwaka. Siku hizi wanaruhusiwa kila wiki. Mshahara hakuna. Mimi niliyeachana na chuo najua uzito wa kuamka kila asubuhi kufuata ratiba ambayo hakuna anayekulipa kuifuata. Kwa hilo, heko zao.

Sasa weka wiki kama hiyo huku Nyanza Kusini. Jumatatu unafua kwa maji uliyochota mwenyewe. Jumanne mvua imenyesha, barabara ni tope na boda hataki kupita. Alhamisi mama uliyepanga kumtembelea yuko ufuoni anaanika omena, hana saa yako hadi jioni. Jumamosi kanisa la Waadventista limejaa. Jumapili la Wakatoliki nalo limejaa. Unabaki kujiuliza: kwani nilikuja kumhubiria nani? Watu wa huku wana hata kanisa walilojianzishia wenyewe. Legio Maria ilizaliwa Nyanza miaka ya 1960, na mlima wake mtakatifu, Got Kwer, uko Migori.

Kwa hiyo funzo la kwanza la mgeni ni kwamba atafundishwa kabla ya kufundisha. Na mwalimu wake ni nani? Ni yule kijana wa kutafsiri.

Mambo haya hayakuanza jana. Novemba 1906, Waadventista wa kwanza walifika Kendu Bay, ambayo leo iko Kaunti ya Homa Bay, wakaanza kazi pale Gendia. Kiongozi alikuwa Arthur Carscallen, Mkanada ambaye hata miaka 30 hakuwa amefikisha. Alijifunza Dholuo kwa bidii, na 1910 kitabu chake cha sarufi ya lugha hiyo kikachapishwa. Jina lake hukosi kulipata ukisoma historia ya kanisa hilo.

Lakini hakuja peke yake. Alikuja na Peter Nyambo, kijana kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Nyambo naye alikuwa mmishonari ugenini, tena Mwafrika, na Dholuo kilikuwa kigeni kwake kama kwa Mkanada. Baadaye alirudi kwao, na 1914 akabeba hadi London malalamiko ya Waafrika dhidi ya utawala wa kikoloni. Huyo si mtu wa kubeba mizigo ya mwenzake tu. Niambie ukweli: ulishawahi kulisikia jina lake? Na wale Wajaluo waliokaa na Carscallen wakimrudia neno lile lile mara kumi hadi likamkaa mdomoni, majina yao yako wapi?

Kuna watakaosema kazi ya Mungu haina malipo. Haya. Mbona tiketi ya ndege ililipwa? Mbona hoteli na dereva walilipwa? Iweje baraka tupu ziwe za mkalimani peke yake? Paulo mwenyewe alishona mahema ili ale.

Ndiyo maana nasema makanisa yanayopokea wageni yakubaliane mapema na kijana anayetafsiri: pesa ngapi kwa siku, nauli na chakula juu ya nani. Wiki ikiisha, apewe barua inayoeleza kazi aliyofanya, imsaidie kutafuta nyingine. Mgeni naye ajifunze "oyawore" na "erokamano" kabla hajajifunza kuhubiri. Kamera ipumzike pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni taarifa. Mwenye ndoto ya kuja kufungua makao ya watoto ajue kwamba tangu 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya. Asaidie familia imlee mtoto nyumbani.

Na wewe kijana wa Migori au Homa Bay utakayeitwa Agosti kutafsiri, usione haya. Uliza malipo kabla ya kuanza, si wiki ikiisha. Andika kwenye daftari kila ulichofanya. Ukiambiwa umpige picha mtoto ambaye mzazi wake hajaulizwa, kataa, na umtafsirie mgeni sababu. Halafu siku ya mwisho wakijipanga kupiga picha ya kuagana, mpe mwingine simu ashike. Simama na wenzako, na uhakikishe jina lako limeandikwa sawasawa.