Dawa ya kichocho Mwea isiishie langoni mwa shule

Naomba nafasi nitoe lalama kuhusu tiba ya kichocho huku Mwea. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Kirinyaga. Siku ya dawa, sisi walimu ndio huwapanga watoto foleni, tukawapima kimo kwa ufito wenye alama ili tujue kila mmoja anastahili tembe ngapi za prazikwanteli, kisha tukasimama hapo hadi wazimeze. Ni kazi njema na iendelee. Ninaowalilia ni wale wasiofika kwenye foleni hiyo.

Mpunga wetu hunyweshwa kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi, yatokayo Mlima Kenya. Yakishaingia mitaroni hupunguza mwendo, na konokono wanaobeba kichocho hustawi humo. Mtu akijisaidia kando ya mtaro, mayai ya minyoo huishia majini, yakaanguliwa, na viluwiluwi vyake vikaingia ndani ya konokono. Vikitoka humo hupenya ngozi ya yeyote aliyetia mguu. Na Mwea ni nani asiyetia mguu majini? Kibarua anayepandikiza mpunga yumo kutwa nzima. Mtoto wake wa miaka mitatu anaogeshwa kwa maji hayohayo. Hawa wawili hawavai sare ya shule, basi mpango wa shuleni hauwagusi.

Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa mwilini lakini haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mwanafunzi niliyempa dawa asubuhi, jioni anavuka mtaro uleule ambao jamaa zake wasiotibiwa wanaendelea kuuchafua. Si kwamba hawajui usafi. Katikati ya mashamba yale, anayebanwa na haja aende wapi bila choo?

Tangu Februari 2022, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba palipo na maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, watu wote kuanzia miaka miwili wapewe dawa, watu wazima wakiwemo. Watoto wadogo zaidi wana tembe yao maalumu, iliyofanyiwa majaribio papa hapa Kenya na huko Côte d'Ivoire, na Desemba 2023 ikaungwa mkono na wakala wa dawa wa Ulaya. Inaniuma kwamba watoto wa Kenya walisaidia dawa hiyo kukubalika, ilhali wazazi wanaponiuliza wataipata wapi, sina la kuwajibu.

Wahudumu wa afya wa jamii wanazijua nyumba zote za vijiji hivi, pamoja na kambi za vibarua. Wapewe prazikwanteli waigawe kabla ya msimu wa kupandikiza, watu wakiwa bado wako karibu na nyumbani. Nao wanaosimamia mitaro, ambao hukusanya ada ya maji kwa wakulima, wajenge vyoo mashambani na watutangazie hadharani vitaanzia kijiji gani na lini.

Mwalimu,
Mwea, Kirinyaga