Daftari la Wiki: Kusi, Kivuko na Ufuko Usio na Watu

Kusi imeshika. Hapa Mwera, Pangani, hatungoji utabiri wa redio. Minazi ya njia ya Ushongo inainama upande mmoja mchana kutwa, na ngalawa zinazotoka pande za kisiwa cha Maziwe zinaingia zimetweka tanga lote. Kwa wavuvi hiyo ni habari ya kitoweo na ya hatari. Kwa kundi jingine dogo, la watu wanaosimama juu ya ubao na kuvutwa na tiara kubwa baharini, ni habari ya safari: waende wapi, kwa shilingi ngapi, na watakuta wenzao wangapi majini. Vijana wa Tanga mjini na wa Dar es Salaam wamekuwa wakiniuliza hilo, na majibu wanayopewa kwingine yote yanaishia Paje, Unguja.

* * *

Paje ina haki ya sifa yake. Inaitazama bahari kuu, mwamba unavunja mawimbi mbali na pwani, na ndani ya mwamba maji ni ya kiuno kwa eneo pana. Anayejifunza akianguka, anasimama. Kwa hiyo shule za tiara zimejipanga ufukweni pale, na anayetafuta nafasi siku hizi anaikosa. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, na sehemu ya hao walikuja kwa ajili ya upepo tu. Tiara hushikwa kwa kamba za mita 20 na zaidi. Watu wawili wakipishana vibaya kamba zinasokotana, na kamba iliyokazwa na upepo hukata nyama. Mwanafunzi anahitaji maji matupu upande wa demani, kule upepo unakompeleka, na maji hayo yakijaa watu hata mwalimu hodari hana la kumfanyia.

Kuna linaloniuma zaidi ya hilo. Kilimo cha mwani cha biashara huko Zanzibar kilianzia Paje na Jambiani mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Vigingi na kamba zao vimo katika maji yale yale ya kiuno. Mgeni huona vijiti vya kumchania tiara. Mama mwenye shamba huona mtu akipita kwa kasi juu ya jasho lake. Mgeni akikosa nafasi atapanda ndege aende kwingine. Mama huyo hana bahari nyingine.

* * *

Sasa Ushongo, ufuko wetu, mwendo mfupi kutoka Mwera ukishika njia ya pwani. Ni mchanga mrefu wenye minazi nyuma yake, hoteli chache, na siku nyingi unaweza kuutembea bila kukutana na mtu asiye mvuvi. Je, unafaa kwa tiara? Unafaa, kwa masharti, na masharti hayo ndiyo ningependa kila anayechagua mahali ayajue, awe anakuja hapa au anakwenda Mambrui, kaskazini ya Malindi.

Sharti la kwanza ni upepo na namna unavyoupiga ufuko. Pwani yetu inatazama mashariki. Kusi, kuanzia Juni hadi Septemba, inaijia kwa mshazari kutoka kusini mashariki. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, inaijia kwa mshazari kutoka upande wa pili. Pepo zote mbili hukusukuma kandokando ya ufuko na kukurudisha mchangani, na hiyo ndiyo salama ya mwanafunzi. Upepo wa kuogopa ni umande, ule wa alfajiri utokao bara. Wavuvi huutumia kutokea. Mtu wa tiara akiutumia, atakwenda nao Unguja bila kupenda. Katikati, Aprili na Mei, ni masika: njia inakuwa tope na upepo hauna msimamo. Usije.

Niseme wazi pia kwamba upepo wetu si wa Paje. Kisiwa cha Unguja kiko upande wetu wa kusini mashariki, na kusi haitujii moja kwa moja kutoka bahari kuu. Mtu wa uzito wa kawaida anayetumia tiara ya mita za mraba 9 kule, ningemshauri aje na ya 12.

Sharti la pili ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Maji yakijaa yanafika karibu na minazi, na hapo hakuna pa kutandaza tiara. Yakipwa unatembea mbali sana kabla hujalowa magoti. Siku za maji mafu bahari inatulia kiasi na saa za kucheza zinaongezeka. Panga safari kwa kutazama mwezi kabla ya kutazama bei ya chumba. Mzee mmoja, nahodha wa ngalawa, nilipomwamkia na kumweleza kuna vijana watakuja na tiara, alinijibu kwa sentensi moja: "Waambie waje mchana, mwanangu, na wasitandaze kamba zao kwenye njia yetu ya kutokea." Vitabu vya mchezo huu vinatumia kurasa nyingi kufika hapo hapo.

Kuhusu gharama, watu wengi wanahesabu vibaya. Wanalinganisha bei za vyumba na kusahau siku za kukaa kivulini bila upepo, ambazo ndizo ghali kuliko zote. Kitanda cha bei nafuu mahali pasipo na upepo ni hasara tupu. Seti mpya ya tiara, ubao na mkanda wa kiunoni inaweza kupita dola 2,000, kwa hiyo kijana wa kwetu asianze kwa kununua. Aanze kwa mwalimu, saa 9 hadi 12 za mafunzo, akitumia vifaa vya shule. Njia ya kufika haina makuu: basi la Dar hadi Tanga, kilomita kama 350, kisha 50 hivi hadi Pangani, kivuko hadi Bweni, halafu bodaboda. Kivuko hicho ndicho kimeufanya ufuko wetu uwe mtulivu na nafuu. Watu hawapendi kungoja.

* * *

Ukivuka tu, kabla ya Mwera, kuna Kikokwe. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Amerika. Iliyofika hai ilikuwa 62, na ikapandwa hapo. Kamba za mkonge wa Tanga zilikuja kufunga mizigo na kuvuta majahazi dunia nzima. Kila nikiona kijana akitandaza kamba za tiara ufukweni, nyembamba, za plastiki ngumu, zilizotengenezwa mbali, nakumbuka kwamba eneo hili limewahi kuuza kamba ulimwenguni, na nasikia uchungu.

* * *

Msomaji mmoja wa Muscat, mwenye asili ya Zanzibar, anauliza kama Oman kuna upepo wa namna hii. Ndugu yangu, ni huu huu. Kusi ikivuka ikweta haipotei. Mzunguko wa dunia unaipinda kulia, inakimbia kandokando ya Somalia na kwenda kuipiga Uarabuni ikitokea kusini magharibi. Mtaalamu wa hali ya hewa, Findlater, aliieleza njia hiyo mwaka 1969, ingawa manahodha wa majahazi walikuwa wameshaipita kwa karne nyingi. Kisiwa cha Masirah kinaupata upepo huo kwa nguvu kati ya Juni na Septemba. Na huko nako unafika kwa kivuko, kutoka Shannah, na huko nako watu ni wachache.

* * *

Msomaji wa Minnesota naye anataka kujua la kufanya wakati wa baridi. Tiara ile ile, badala ya ubao unavaa skii, na badala ya bahari unatumia ziwa lililoganda. Huo ndio mchezo wa theluji ulio nafuu, kwa sababu hakuna mashine ya kukupandisha mlimani wala tiketi yake. Ziwa Mille Lacs, kaskazini ya Minneapolis, lina zaidi ya kilomita za mraba 500 na huganda kila mwaka. Sharti moja tu: idara ya maliasili ya jimbo hilo inataka barafu safi isiyopungua inchi 4 hata kwa mtu anayetembea kwa miguu. Walioko Norway wana Haugastøl, ukingoni mwa uwanda wa Hardangervidda, na treni ya Bergen inasimama pale. Norway si nchi ya bei rahisi, lakini anayeishi Oslo anaweza kwenda na kurudi bila kukodi gari.

Na Kilimanjaro? Hapana. Barafu yake imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na iliyobaki ni kuta na mabaki juu ya mawe. Mto Pangani tunaouvuka kwa kivuko unaanzia kwenye miteremko ya mlima huo na ya Meru. Tuuache mlima upumue.

* * *

Mchezo wa tiara ya majini uliingia Olimpiki mwaka 2024, mashindano yakafanyika Marseille. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio walioandikisha mwaka 1984 tiara yenye mirija ya kujazwa hewa, ili ikianguka majini ielee na kuruka tena. Ni uvumbuzi mkubwa. Lakini kazi inayowashinda wanafunzi wengi ni kupiga bisho, yaani kurudi walikotoka huku upepo ukiwa mbele yao. Mtoto wa Ushongo aliyelelewa ndani ya ngalawa anajua bisho kabla hajajua kusoma. Anajua joshi iko wapi kwa kuhisi shingo yake. Huyu ndiye mwalimu tunayemhitaji, na ni aibu kwamba katika fukwe nyingi za Afrika Mashariki kazi anayopewa ni kubeba pampu.

* * *

Kivuko hakitadumu. Juu ya Mto Pangani linajengwa daraja la mita 525, katika barabara ya kilomita 256 kutoka Tanga kupitia Pangani hadi Makurunge, Bagamoyo. Nalifurahia kwa moyo wote: mama mjamzito wa Mwera hatangoja tena kivuko usiku. Lakini litakapofunguliwa, ufuko huu hautakuwa mbali na mtu yeyote, na yaliyotokea Paje yatatukuta hapa.

Tumeshaona jinsi kitu kinavyopotea. Kisiwa cha Maziwe, kilichotangazwa eneo tengefu mwaka 1975, kilikuwa na miti na kilikuwa kituo kikubwa cha kasa kutagia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na sasa maji yakijaa mchanga wake unafunikwa. Mayai ya kasa huhamishiwa Ushongo ili yaanguliwe. Tiara zikitandazwa juu ya viota hivyo, kasa hawana pa kuhamia tena.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Pangani, serikali za vijiji, vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) na wenye hoteli wakae sasa, kabla ya daraja. Watenge sehemu moja ya kurushia tiara, mbali na njia ya ngalawa, mbali na viota na mbali na wanawake wanaotanda uduvi. Waweke bei ya mafunzo ambayo kijana wa Pangani anaweza kuilipa. Na wewe unayefunga begi kuja huku Agosti, ukishuka Ushongo nenda kwanza kwa wavuvi, uwaulize pa kusimama.